Mtaa wetu unafungwa kwa magari kwa majaribio: duka langu litapona?

Swali: Nina duka la vitenge na vitambaa vya kushonea katika mtaa mmoja mfupi katikati ya Jiji la Arusha, si mbali na Soko Kuu. Tumepewa barua kwamba halmashauri itaufunga mtaa wetu kwa magari kwa miezi mitatu, Aprili hadi Juni, kwa majaribio, ili watu watembee kwa uhuru. Wateja wangu wakubwa ni wa jumla, wanatoka Karatu, Monduli na Mto wa Mbu, na wengine huja na magari yao. Mzigo wangu huletwa na kanta. Mama mkwe wangu, ambaye nashinda naye dukani, anatembea kwa mkongojo. Majirani wanasema foleni yote itahamia mtaa wa nyuma, machinga watajaa milangoni kwetu, na kwamba uamuzi umeshapita, majaribio ni ya kutupumbaza tu. Kodi ya pango langu inaisha mwezi wa saba. Niondoke mapema, nipinge, au nisubiri?

Jibu:

Dada yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninaona kwamba chini ya hofu zote ulizozitaja liko swali moja linalokunyima usingizi, nalo ni kama duka lililokulisha wewe na familia yako litaweza kusimama mbele ya uamuzi ambao hukushirikishwa. Nitakujibu moja kwa moja kwa sababu Aprili iko karibu. Usihame sasa, na usitie saini waraka wa kupinga kila kitu. Anza wiki hii hii kuandika kumbukumbu za mtaa wako ulivyo leo, kisha uende halmashauri na madai machache yanayopimika. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na pia nitakueleza pale ambapo majirani zako wana hoja ya kweli.

Tuanze na wateja. Wenye maduka katika miji mingi huamini kwamba riziki yao inafika kwa gari, na walipoulizwa mara kwa mara wamekadiria idadi ya wateja wenye magari kuwa kubwa kuliko ilivyokuja kuonekana baada ya kuhesabu. Huna haja ya kuniamini mimi. Kesho saa nne asubuhi simama mlangoni pako, uandike tarakimu za namba za magari yote yaliyoegeshwa mbele ya duka lako na maduka manne ya jirani. Rudia saa sita, saa nane na saa kumi. Gari utakalolikuta nyakati zote nne si la mteja, kwa sababu hakuna mteja anayechagua kitenge kwa saa sita. Ni la mwenye duka, la karani wa ofisi ya ghorofani, au la mtu aliyeegesha hapo akaenda sokoni kwa shughuli zake. Nafasi hiyo inayoonekana kuwa ya wateja wako imekaliwa kutwa nzima na watu wasionunua chochote kwako. Katika mitaa mifupi ya katikati ya mji hali hii hujirudia sana, na inafaa uijue ukweli wake kwa mtaa wako kabla hujaitetea kila nafasi ya maegesho.

Kuna na suala la nafasi yenyewe. Wapangaji wa usafiri wa miji ya Amerika Kaskazini hukadiria kwamba njia moja ya barabara yenye upana wa mita 3 hivi, ikitumiwa na magari binafsi, hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa, ilhali upana huohuo ukiachiwa waenda kwa miguu unaweza kupitisha watu 8,000 hadi 9,000. Kwa Arusha, ambako sehemu kubwa ya watu wanaokwenda Soko Kuu hushuka kwenye daladala na kumalizia safari kwa miguu, tofauti hiyo ina uzito. Lakini kupita si kununua, na hapa ndipo nisingependa mtu yeyote akuahidi neema. Mitaa inayofungwa huwafaa zaidi wenye bidhaa ambazo mtu huziona, akasimama, akazishika na kuondoka nazo mkononi: vitambaa, viatu, dawa, vitabu, chai na chakula. Muuza saruji, mabomba, majokofu au mitungi ya gesi huweza kuumia kweli asipowekewa utaratibu wa mzigo. Wewe uko kati: rejareja yako ina nafasi nzuri ya kukua, na jumla yako iko hatarini.

Kwa hiyo suala la mzigo ndilo ningelipigania kwanza. Mtaa uliofungwa vizuri hufungwa kwa saa maalumu, na magari ya mizigo huruhusiwa kuingia asubuhi mapema na jioni, kwa mfano kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni. Kanta inayokuletea marobota haihitaji kusimama mlangoni kwako saa saba mchana. Inahitaji nusu saa ya uhakika wakati mtaa uko mtupu, na dereva wake huenda akafurahi zaidi kuliko sasa anapozunguka akitafuta pa kusimama. Wateja wako wa jumla ni jambo tofauti, kwa kuwa mtu aliyetoka Karatu alfajiri hawezi kupangiwa saa na mtu asiyemjua. Hawa wanahitaji eneo la kupakia kwenye kila mwisho wa mtaa, lililochorwa na kuwekewa alama, lenye muda usiozidi nusu saa, na lisilogeuzwa maegesho ya kutwa. Kutoka hapo hadi dukani mzigo utakwenda kwa mkokoteni au guta, kazi ambayo vijana wa eneo la soko wanaifanya kila siku. Uliza kwenye barua utakayoiandikia halmashauri swali hili kwa maneno haya haya: kirikuu cha mteja kitasimama wapi, kwa dakika ngapi, na nani atamwondoa aliyeegesha hapo tangu asubuhi? Nimeona mitaa mingi ikifungwa kwa mchoro mzuri huku swali hili dogo likiachwa lijijibu lenyewe, na likijijibu lenyewe huwa limejibiwa vibaya.

Kuhusu foleni kuhamia mtaa wa nyuma, majirani wako wanayafikiria magari kama maji, kwamba ukiziba hapa yatatokea pale kwa wingi uleule. Watu hawafanyi hivyo. Baadhi hubadili saa ya safari, baadhi huunganisha shughuli mbili katika safari moja, wengine hushuka mbali kidogo wakatembea, na waliokuwa wakiutumia mtaa wako kama njia ya mkato hurudi kwenye barabara kubwa. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Sally Cairns, Stephen Atkins na Phil Goodwin, walichapisha uchambuzi wa mifano zaidi ya 70 kutoka nchi 11 ambako barabara zilipunguziwa nafasi ya magari. Katika nusu ya mifano hiyo, ukihesabu mtaa uliofungwa pamoja na mitaa inayouzunguka, magari yalipungua kwa zaidi ya asilimia 10, hayakuhama tu.

Hata hivyo, takwimu ya jumla haimsaidii mtu anayeishi kwenye makutano moja yaliyoelemewa, na Arusha ina shida yake. Mito ya Themi na Naura inakata mji, na mahali pa kuivuka ni pachache, kwa hiyo magari yakishasukumwa kutoka mtaa mmoja hukutana kwenye madaraja na makutano yaleyale. Malori ya masafa marefu yana barabara ya mchepuo nje ya jiji, na hilo limepunguza mzigo, lakini daladala, bajaji na magari ya watalii bado yanabanana katikati. Kwa sababu hiyo ni haki yako kudai kwamba makutano mawili au matatu ya jirani yahesabiwe kabla ya siku ya kufunga, na yahesabiwe tena mwezi wa kwanza na wa tatu, siku zilezile za wiki na saa zilezile.

Kuna hatari moja ambayo hukuitaja na inanitia wasiwasi kuliko foleni. Je, barua ya halmashauri inasema lolote kuhusu bodaboda? Mtaa ukifungwa kwa magari lakini pikipiki zikaachwa zipite katikati ya vizuizi, zitakimbia zaidi kuliko zamani, kwa sababu hakuna tena foleni ya kuzipunguza mwendo, na watu watakuwa wametawanyika mtaa mzima wakiamini wako salama. Mtoto anayeachia mkono wa mama yake mbele ya duka lako ndiye atakayelipa gharama ya sentensi hiyo iliyosahauliwa kwenye barua. Bodaboda na bajaji wapewe kijiwe kila mwisho wa mtaa, mahali panapoonekana, ili waendelee kupata abiria bila kuingia ndani, na viongozi wao waitwe kwenye mazungumzo kabla ya polisi kuitwa.

Machinga nao wana haki ya kutafuta riziki, na ninaomba usiwaone kama maadui katika jambo hili. Lakini hofu ya majirani zako ina msingi: nafasi ya wazi katikati ya mji, yenye watu wengi na isiyo na mpango, hujaa ndani ya siku chache, na baada ya hapo kuwaondoa watu huleta uchungu ambao nchi yetu iliushuhudia vya kutosha wakati wa zoezi la kuwapanga machinga mwaka 2021. Njia ya heshima ni kupanga kabla. Mistari ichorwe chini, mlango wa kila duka uachwe wazi kwa upana wa mita 2 au zaidi, meza zikae katikati au upande mmoja tu, na kuwe na njia iliyonyooka isiyopungua mita 4 kwa ajili ya gari la zimamoto na la wagonjwa. Njia hiyo isiwe ya kujadiliwa. Duka la vitambaa likishika moto kati ya maduka yaliyoshikana, dakika za kusogeza meza ndizo zinazoamua kama limeungua moja au yameungua sita, kwa hiyo kabla ya Aprili ombeni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipitishe gari lake hapo, meza zikiwa zimepangwa.

Mama mkwe wako, na kila mtu anayetembea kwa shida, lazima awe na njia ya kufika mlangoni. Kufunga mtaa kwa magari hakumaanishi kuwafungia wazee. Kizuizi kiwe cha nguzo zinazong'oka, mlinzi awe na orodha ya magari yenye ruhusa ya kumshusha mtu mwenye ulemavu au mgonjwa kwa mwendo wa kutembea, na ombeni viti kadhaa njiani ili asiyeweza kutembea mita 100 kwa mkupuo apumzike. Angalieni pia mifuniko ya mitaro. Mkongojo unaozama kwenye tundu la mfuniko uliovunjika ni ajali mbaya, na mtaro uliokuwa umefichwa chini ya magari yaliyoegeshwa sasa utakuwa njia ya watu.

Sasa nije kwenye tuhuma kwamba majaribio ni ya kuwapumbaza. Majaribio ya kweli yapo, na matokeo yake yamekwenda pande zote. Copenhagen iliufunga mtaa wa Strøget kwa majaribio Novemba 1962, wenye maduka wakihofia kufilisika, na mwaka 1964 ufungaji ukawa wa kudumu. New York iliondoa magari kwenye sehemu ya Broadway hapo Times Square mwaka 2009, ikahesabu, ikakuta majeruhi waenda kwa miguu wamepungua kwa asilimia 35, na mwaka uliofuata ikatangaza kwamba mpango utaendelea. Kwa upande mwingine, Chicago iliufunga mtaa wa State kwa magari ya kawaida mwaka 1979, biashara ikadorora, na mwaka 1996 ikaurudisha kwa magari. Karibu zaidi na sisi, Kigali ilifunga barabara moja katikati ya mji mwaka 2015. Kwa miaka kadhaa ikabaki lami tupu isiyo na kivuli wala pa kukaa, wafanyabiashara wakalalamika, hadi ilipojengwa upya kwa miti na viti na kufunguliwa mwaka 2022. Ninachokiona katika mifano hii ni kwamba kizuizi peke yake hakimvuti mtu kuja mjini. Watu huja kwa sababu kuna la kufanya, kuna pa kukaa, na kuna kivuli. Halmashauri ikiweka mapipa mawili ya rangi na mkanda, ikaondoka, mtarajie ya Kigali ya mwanzo.

Jaribio linastahili kuitwa hivyo likiwa na vipimo vya kabla, tarehe ya mwisho, na masharti yaliyoandikwa mapema ya kulisitisha. Bila vipimo vya kabla, mwezi wa Juni kila mtu atakuja na hadithi yake na mwenye sauti kubwa atashinda. Hapa ndipo wewe una nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu mashine yako ya risiti, EFD, inatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya kila siku, na taarifa ya lipa namba kwenye simu yako inaonyesha saa na kiasi cha kila malipo. Hizo ni kumbukumbu za mauzo ambazo mhandisi wa jiji hana. Zikusanye za mwaka jana, Machi hadi Juni, kisha za mwaka huu.

Lakini zisome kwa uangalifu, maana kalenda ya Arusha inaweza kukudanganya. Aprili na Mei ni masika. Watalii ni wachache, barabara za vijijini zina matope, na mteja wa Mto wa Mbu hupunguza safari hata kama mtaa uko wazi. Pasaka ikipita, harusi zilizokuwa zimesimama wakati wa Kwaresima hurudi, na pamoja nazo sare za kitenge. Idi nayo huwahi kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo mwezi uliokuwa na Idi mwaka jana huenda usiwe nayo mwaka huu. Ukilinganisha Aprili na Desemba utalia bure. Linganisha Aprili na Aprili, kisha tafuta mwenzako anayeuza vitambaa katika mtaa usiofungwa, mkubaliane kupeana takwimu kwa siri. Tuseme mauzo yako yameshuka kutoka milioni 10 hadi milioni 8, na yake kutoka milioni 9 hadi milioni 7.2. Nyote mmeshuka kwa asilimia 20, na mtaa hauna kosa. Yake yakiwa yameshuka hadi milioni 8.55 tu, yaani asilimia 5, basi zile asilimia 15 za ziada kwako zinadai maelezo, nawe una hoja ambayo kikao cha madiwani hakiwezi kuipuuza. Kwa sababu hizohizo ningeomba jaribio lenyewe liongezwe hadi Septemba, au lianze Juni, kwa kuwa miezi mitatu ambayo miwili yake ni ya mvua ni kipimo kibaya kwa pande zote mbili: likifaulu haliaminiki, na likishindwa halijapewa nafasi.

Mwende kwa nani? Msianze na mitandao. Mwandikie mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, nakala kwa diwani wenu na kwa Mkurugenzi wa Jiji, mkiwa wafanyabiashara angalau kumi waliotia saini. Ulizeni kwa maandishi kama TARURA, ambayo ndiyo yenye usimamizi wa barabara za mijini zisizo za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, imeridhia. Kama Kikosi cha Usalama Barabarani kina mpango wa kuelekeza magari. Na kama kuna njia ya daladala inayoguswa, LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, imesema nini. Halmashauri haiwezi kuyafanya haya peke yake, na majibu yatawaonyesha kama kazi imeandaliwa. Vikao vya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae, hata kama hamtapewa nafasi ya kusema.

Yapo mambo ambayo mtu hawezi kukusaidia kwa kalamu akiwa mbali. Mwombe ofisa mipango miji au mhandisi wa jiji aje atembee mtaa nanyi, saa tano asubuhi siku ya kazi, akiwa na mchoro mkononi, mwonyesheane mitaro, milango na sehemu za kupakia. Ofisa anayekataa kuja kutembea kwenye mtaa anaotaka kuufunga anawapa sababu nzuri ya kuandika barua ya pili. Mauzo yakishuka kiasi kwamba makadirio yako ya kodi ya mapato hayalingani tena na hali halisi, nenda ofisi ya TRA ukaombe kuyarekebisha, ukiwa na zile ripoti za Z, na usisubiri mwisho wa mwaka.

Na kuhusu pango, usisaini mkataba mpya wa muda mrefu kabla ya Juni, wala usiuvunje uliopo. Mwendee mwenye nyumba sasa, wakati naye ana wasiwasi wa kupoteza mpangaji, umwombe nyongeza ya miezi mitatu kwa kodi ileile kuanzia Julai, ikiwa na kifungu kinachokuruhusu kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja endapo mtaa utafungwa moja kwa moja na mauzo yako yakawa chini ya kiwango mtakachokubaliana. Kifungu hicho kiandikwe na mwanasheria. Kama gharama ni kubwa, tafuta kituo cha msaada wa kisheria hapo mjini, uende na mkataba wako wa sasa na ile barua ya halmashauri, na uifanye safari hiyo kabla ya Aprili.